Malalamiko Kuhusu Mtetemo wa Propela ya Gari Uliotengenezwa Mara Tatu Bila Kupona

Mafinga,
13 Mei 2024

Meneja wa Karakana,
Iringa Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: MATENGENEZO YA TOYOTA HILUX YA MWAKA 1994

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kati ya tarehe 4 Machi na tarehe 19 Aprili mwaka huu nilileta gari langu katika karakana yenu mara tatu kwa tatizo moja tu, la mtetemo, nikalipa jumla ya shilingi 1,665,000, na mara ya tatu nikarudishiwa gari likiwa katika hali mbaya kuliko nilivyolileta. Ninaandika kudai haki yangu, na pia kuwaeleza kwa kirefu mahali mlipokosea, kwa sababu naamini kosa hili linaweza kumgharimu mteja mwingine maisha.

Gari hili nililirithi kwa marehemu baba yangu, na ndilo linalobeba miche ya parachichi ninayoipeleka Makambako na Njombe. Ni gari kuukuu, sikatai, lakini limetunzwa. Siku ya kwanza nilimweleza mpokeaji wenu, naye akaandika katika kadi ya kazi ambayo nakala yake ninayo, kwamba mtetemo unaanza mwendo wa kilomita 70 kwa saa na kuzidi kati ya 80 na 90. Kwamba unasikika sakafuni na chini ya kiti, wala hausikiki kwenye usukani. Kwamba nikiweka gia huru katika mwendo huo injini ikabaki ikinguruma taratibu, mtetemo unaendelea vilevile. Na kwamba ninapoondoka kutoka kusimama kuna mlio mmoja wa chuma kugongana unaosikika chini ya gari. Fundi aliyezoea magari yenye propela ndefu, yaani ule mhimili unaopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, angesikia maelezo hayo akaingia uvunguni mara moja.

Fundi wenu hakuingia uvunguni. Aliniambia kwamba ni matairi, akaniuzia mapya manne kwa shilingi 1,120,000 pamoja na kuyasawazisha, ilhali ya zamani hayakuwa kipara. Naomba nieleze kwa nini ushauri huo haukuwa na msingi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gurudumu la gari kama langu huzunguka karibu mara 10 kwa sekunde, na gurudumu lisilosawazishwa hutikisa gari kwa mapigo mazito ambayo, likiwa la mbele, dereva huyahisi mikononi. Propela huzunguka mara 4 na ushee kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo mapigo yake ni ya haraka, karibu 40 kwa sekunde, na mwili huyapokea kama mvumo kutoka sakafuni. Mimi niliwaelezea mvumo, nanyi mkatibu mapigo ya gurudumu.

Mara ya pili, tarehe 25 Machi, mlibadilisha mauntini, yaani mipira inayoshikilia injini na giaboksi, kwa shilingi 260,000. Hapo napo maelezo yangu ya gia huru yalipuuzwa, maana kama injini ndiyo ingekuwa chanzo, mtetemo ungepungua pale mwendo wa injini uliposhuka huku gari likiendelea kukimbia.

Ni mara ya tatu ndipo propela iliposhushwa, na hapa ndipo kwenye kiini cha malalamiko yangu. Mlibadilisha krosi zote tatu, yaani viungo vinavyoiwezesha propela kuzunguka ikiwa imepinda, kwa shilingi 285,000 pamoja na ufundi, jambo ambalo kwa lenyewe lilikuwa sahihi, kwa kuwa krosi ya nyuma ilikuwa imekauka grisi na kuanza kutoa unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake. Nilichokabidhiwa, hata hivyo, ni gari lililoanza kutetemeka kwenye kilomita 50, na nilipoomba twende pamoja barabarani nikajibiwa kwamba hakuna muda na kwamba gari la miaka 30 haliwezi kuwa jipya.

Kabla ya kuandika barua hii nililipeleka kwa fundi mzee hapa Mafinga. Alilala chini ya gari kwa dakika zisizozidi kumi. Aliniita nikaona kwa macho yangu kwamba yoki, yaani zile panda zinazoshika krosi, za ncha mbili za kipande cha nyuma cha propela hazikuwa zimelingana, kwa kuwa aliyeirudisha ile sehemu yenye meno inayoteleza aliiingiza jino pembeni ya mahali pake. Krosi inayofanya kazi kwa pembe huufanya mzunguko uharakike na kupungua mara mbili kwa kila duru, na krosi ya upande wa pili husawazisha hitilafu hiyo iwapo tu panda zimelingana. Zikipishana, krosi mpya hazina msaada wowote. Alama ya rangi au ya panchi kabla ya kufungua ingezuia yote haya, na kwenye propela yangu hakukuwa na alama hata moja. Pia mpira wa senta beringi, ile beringi inayoshikilia propela katikati, ulikuwa umechanika, na kwenye bomba palionekana mahali palipochomelewa kipande cha chuma cha kusawazisha ambacho sasa hakipo. Fundi alilinganisha panda, akafunga senta beringi mpya, kisha propela nzima ikapelekwa kusawazishwa kwenye mashine. Kazi hiyo ilinigharimu shilingi 310,000, na tangu siku hiyo gari linakwenda kilomita 90 likiwa limetulia.

Katikati ya matengenezo yenu ya tatu na ya fundi huyo nilishuka mteremko mkali wa Kitonga na gari hilo, nikiwa na mke wangu na watoto wawili. Propela inayotetemeka huila krosi na kulegeza bolti, na ikikatika upande wa mbele inaweza kuangukia lami na kulipindua gari. Silisemi hili kwa kuwatisha. Ndilo jambo linaloniumiza zaidi kuliko fedha.

Kwa hiyo ninaomba mnirejeshee shilingi 260,000 za mauntini, ambazo hazikuhitajika, pamoja na shilingi 310,000 nilizolipa kurekebisha kosa lenu. Gharama ya krosi siidai, kwa kuwa zilistahili kubadilishwa. Fedha za matairi sizidai pia, kwa sababu ninayatumia, ila ninataka matairi yangu manne ya zamani yaliyobaki kwenu bila ridhaa yangu. Risiti zote ninazo, na senta beringi iliyochanika nimeihifadhi; fundi wenu akitaka kuiona anakaribishwa.

Nitasubiri majibu ya maandishi kwa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nisipoyapata, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Wako mwaminifu,

Mteja na mmiliki wa gari