Barua kwa wanasayansi vijana mliochaguliwa kuingia akademia ya taifa

Wanangu,

Hongereni kwa kuingia akademia, chombo cha wanasayansi kinachoishauri serikali. Sasa nisikilizeni, maana nimeudhika. Tangu majina yenu yatangazwe nimeona picha za majoho na mabishano ya nani atangulie kutajwa. Rasimu ya ripoti mliyopewa muitolee maoni haijaguswa. Mmoja wenu ameuliza posho ni kiasi gani.

Posho! Marekani, 1863, nchi ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia saini Machi 3 sheria ya kuunda Akademia ya Taifa ya Sayansi, yenye waasisi 50. Sheria yenyewe ni fupi. Idara yoyote ya serikali ikitaka jambo lichunguzwe, akademia italichunguza na kutoa ripoti; gharama za uchunguzi zitalipwa, ila wanachama hawatapata ujira hata kidogo. Mnajua moja ya kazi zao za mwanzo? Dira za meli. Meli zilikuwa zimeanza kuundwa kwa chuma, na chuma hicho kilipotosha sindano ya dira. Kamati ikaundwa kutafuta namna ya kuzirekebisha dira hizo. Rais wao wa kwanza, Alexander Dallas Bache, alikuwa mkuu wa upimaji wa pwani, kwa hiyo alijua chombo kikikosea mwelekeo kinaishia wapi. Hawakuitwa kupambwa, waliitwa kufanya kazi.

Na msije mkaufunga mlango mkishaingia. Mwaka 1911 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimnyima kiti Marie Curie, mtafiti wa mionzi ambaye tayari alikuwa na Tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo akapata ya pili. Waheshimiwa wale walikaa mpaka 1979 ndipo wakamchagua mwanamke kuwa mwanachama kamili. Aibu iliyoje!

Mengine mnayajua: tangazeni maslahi yenu kabla ya kuketi kwenye kamati, someni nje ya fani zenu, maoni ya wachache yachapishwe pia.

Lawama si zenu peke yenu, wapenzi wangu. Wakubwa wetu serikalini wana tabia ya kutuita uamuzi ukishapita, ili tuupigie muhuri tu. Mkiitwa hivyo, kataeni kwa heshima, na sababu zenu mziandike na kuzitangaza hadharani.

Mzee wenu