Abiria wa Dar es Salaam na Mwanza waelezwe muda kamili wa safari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna umbali na muda wa safari za ndege kati ya Dar es Salaam na Mwanza unavyoelezwa kwa wananchi, kwa kuwa takwimu zinazotolewa mara nyingi hupishana, na anayeumia ni abiria aliyepanga safari yake kwa kuzitegemea.

Kwa mstari mnyoofu wa angani, kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi ule wa Mwanza ni takriban kilomita 850. Anayetaja zaidi ya kilomita 1,100 anatoa umbali wa barabara inayopita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Anayetaja 740 huenda amechukua maili 460 za baharini, ambazo ndizo kipimo cha marubani, akazigeuza kana kwamba ni maili za nchi kavu, ilhali maili moja ya baharini ni kilomita 1.852.

Kwenye muda ndiko kuna upotoshaji mkubwa zaidi. Wapo wanaogawanya kilomita hizo kwa mwendo wa ndege ya jeti, yaani kama kilomita 830 kwa saa, kisha wakatangaza kuwa safari ni ya saa moja. Ndege haina mwendo huo inapopaa wala inaposhuka. Isitoshe, barabara kuu ya kurukia pale Dar es Salaam imelazwa kati ya kaskazini mashariki na kusini magharibi, na Mwanza iko kaskazini magharibi, kwa hiyo upande wowote rubani atakaorukia atalazimika kugeuza kabla ya kushika njia. Ukijumlisha na dakika za kutembea ardhini, jeti huhitaji karibu saa moja na nusu tangu iondoke kwenye maegesho hadi iegeshwe tena, na ndege ya mapangaboi aina ya Q400, ambayo mwendo wake ni mdogo, huhitaji zaidi ya hapo.

Tena ndege ikipitia Kilimanjaro, njia nzima huwa kama kilomita 920, nyongeza ya kilomita 70 tu, ambazo angani ni dakika chache. Lakini kutua, kushusha na kupakia abiria, kisha kupaa upya, huongeza muda mrefu kuliko nyongeza hiyo ya umbali inavyoonyesha. Mgonjwa anayewahi miadi Muhimbili, au msafiri anayeunganisha ndege ya kwenda nje ya nchi, hawezi kulijua hilo kwa kuangalia kilomita peke yake.

Kwa hiyo naomba mashirika ya ndege, mawakala wa tiketi na vyombo vya habari, likiwemo gazeti lako, kila vinapotaja safari hii vitaje pamoja aina ya ndege, vituo inakopitia na muda wa ratiba kutoka maegesho hadi maegesho. Muda wa kuwahi uwanjani kabla ya ndege kuondoka nao utajwe pembeni, kwa kuwa ukiuongeza pamoja na foleni ya Barabara ya Nyerere, safari hii humchukua abiria karibu nusu ya siku yake.

Msomaji wako,
Mwanza