Jenereta ikikata nguvu ghafla, usikimbilie kuifungua

Simu tunayopigiwa sana ni hii: jenereta, yaani mashine ya kuunguza uvimbe wa ini kwa umeme, ilikuwa inaenda vizuri, mara omu (kipimo cha jinsi umeme unavyozuiwa kupita) zikapanda ghafla, nguvu ikashuka yenyewe, sa mteja anataka fundi aje na spea. Ngoja kwanza. Mara nyingi mashine ni nzima, kilichobadilika ni ini.

Iko hivi, jenereta inapeleka umeme wa frikwensi ya kilohezi kama 450 hadi 500 kutoka kwenye sindano mpaka pedi zilizobandikwa mapajani, na ndani ya ini umeme huo unabebwa na ioni za chumvi zilizomo kwenye majimaji. Ini likipata moto ioni zinatembea kirahisi, upitishaji unapanda kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja, ndo maana mwanzoni omu zinashuka. Ukipita nyuzi 50, 60 hivi, protini zinaganda, utando wa seli unapasuka, majimaji ya ndani yanamwagika na umeme unazidi kupata njia.

Ikikaribia 100 mambo yanageuka. Maji yanachemka, mvuke haupitishi umeme, nyama iliyoshika sindano inakauka mpaka inakuwa mkaa, omu zinaruka na mashine inapunguza nguvu. Tunalisisitiza hili kwa sababu hapo joto halifiki mbali tena, na uvimbe unaweza kubaki hai pembeni. Kuongeza wati haraka ndo kunaharakisha huo ukavu, panda taratibu, na kama sindano yako inapozwa kwa maji hakikisha pampu inasukuma kweli.

Mnaojaribia mashine kwenye ini la mnyama, tafadhali msirudie kuchoma palepale. Likipoa, sehemu ya mabadiliko inarudi ila utando uliopasuka haurudi, kwa hiyo jaribio la pili linaanza na omu tofauti kabisa na mtu anadhani mashine imepoteza kipimo. Na ini likitoka kwenye friji liache lipate joto kwanza, la baridi linasoma omu nyingi.

Sasa kama omu ziko juu tangu unawasha, kabla hata ya joto, hiyo ni pedi haijashika au kebo imekatika, hapo tuite. Tutaipima jenereta kwa rezista ya thamani inayojulikana, na ukitutumia grafu ya omu na wati kabla hatujaja tunajua tubebe nini.