Jina la Kashindye linamalizwa na makaratasi

Mhariri,

Wanaosikitika kwamba jina la Kashindye linaadimika hapa Tabora wasiwalaumu tu wazazi wanaopenda majina ya dini. Makaratasi yana mkono wake.

Kwa Wanyamwezi hilo ni jina la kuzaliwa: hupewa mtoto aliyetanguliza miguu, kama pacha wanavyoitwa Kulwa na Doto, na anayewafuata Shija. Halikuanza kama jina la ukoo. Limekuwa hivyo kwa sababu shuleni na ofisini mtu huandikwa jina lake, la baba, kisha la babu. Sasa mtazame Petro Yohana Kashindye. Akipata binti, ataandikwa Neema Petro Yohana, na Kashindye kaishia hapo. Kizazi kimoja tu! Chanzo chenyewe nacho kinakauka, maana siku hizi mtoto aliyekaa vibaya tumboni mara nyingi hutolewa kwa upasuaji, hakuna miguu ya kutangulia.

Anayetaka jina libaki alitaje kama la mwisho mtoto anapoandikishwa, kabla cheti cha kuzaliwa cha RITA hakijachapwa. Akague herufi papo hapo. Kashindye, Kashinde na Kashinje kwa karani ni mamoja. Kwenye kitambulisho cha NIDA ni watu watatu. Kagua tena kabla ya usajili wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Ukichelewa, utahitaji wakili na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hayo yote yana gharama.

Msomaji,
Tabora