Kwenu wanangu mnaorudi Uru kila Desemba

Wanangu mlio kati ya miaka 40 na 55, mlioko Dar, Mwanza, Arusha na kokote mnakotafuta riziki, hamjambo?

Desemba iliyopita niliwasikiliza mkizungumza pale uani. Mliongea ada, viwanja, na nyumba ambazo hazijapauliwa. Sikusikia hata mmoja akisema analala vizuri. Niliumia. Umri huo naujua: wazazi wanaugua, watoto wanadai, na wewe huna wa kumwambia kwamba umechoka.

Pimeni presha, kwa sababu huweza kumkaa mtu miaka bila dalili yoyote. Ikirudia kufika 140 kwa 90, muoneni daktari. Tembeeni, walau dakika 150 kwa wiki, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Hayo mmeshayasikia. Lililonikalisha niandike ni jingine.

Nikiwa na miaka 48 nilikosana na mdogo wangu kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa. Migomba mitatu tu. Miaka tisa hatukusalimiana, na kati ya nyumba zetu kuna mfereji ambao mtoto anauruka. Usiku nilimsikia akikohoa, nikageukia ukutani. Kahawa ilizaa, ng'ombe walikamuliwa, watoto walisoma, lakini chakula hakikuwa na ladha mdomoni mwangu. Tumbo lilinisumbua, na kila nilipopimwa hawakuona kitu.

Alfajiri moja mama yenu alikata jani la isale, mmea ambao sisi Wachagga huuotesha mpakani na kuupeleka tunapoomba msamaha, palepale mpakani, akaniwekea kando ya kikombe cha chai, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Hakusema neno. Nililitazama mpaka chai ikapoa. Kisha nikavuka mfereji. Mdogo wangu alilipokea kwa mikono miwili, tukakaa hadi jua likawa kali, na habari ya migomba haikutajwa. Usiku ule nililala kama mtoto.

Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilianza mwaka 1938 kuwafuatilia vijana wa kiume, na utafiti ule ukaja kufuata maisha ya watu 724 hadi uzeeni. Walioridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80. Hali hiyo ilitabiri uzee wao vizuri kuliko hata kiwango cha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Nilikunja karatasi, nikamkumbuka mdogo wangu. Tulipata miaka kumi na minne ya kukaa pamoja kabla hajatangulia, na ile tisa hakuna atakayenirudishia.

Kuna wawili kati yenu hamjasemeshana tangu msiba wa shangazi. Siwataji, mnajijua. Msingoje Desemba, pigeni simu leo. Kama simu ni nzito, njooni nyumbani hata siku ya kazi. Masale yapo palepale mpakani, nayapogoa mwenyewe.

Baba yenu mkubwa,
Uru, Moshi