Hivi huyu Saleemul Huq mnamjua?

Mhariri, salaam.

Nimeusoma ule ukurasa wenu wa kuwashauri vijana wa kidato cha sita wasomee nini chuo, mmeweka udaktari, uinjinia, kompyuta, mafuta na gesi, sawa kabisa, ila kwenye tabianchi mmeandika mistari miwili tu kwamba mtu anaweza kuajiriwa Mamlaka ya Hali ya Hewa awe anatabiri mvua. Basi. Mimi nafundisha jiografia huku Babati na kila mwaka wanafunzi wa michepuo ya sayansi, PCB na CBG, wananiuliza kitu hicho hicho, mwalimu ukisoma mambo ya mazingira unaajiriwa wapi, na nikiwaambia kuna mtu alisomea mimea akaishia kuwabana mataifa tajiri mpaka wakatoa hela, wanacheka, wanadhani napiga fiksi.

Sipigi fiksi. Mtu mwenyewe ni Saleemul Huq wa Bangladesh. Alifariki Dhaka tarehe 28 Oktoba 2023 akiwa na miaka 71 na kwenye magazeti yetu ya Kiswahili sikuona hata picha yake, wakati kwa zaidi ya miaka 20 huyu bwana alikuwa mshauri wa lile kundi la nchi maskini zaidi duniani kwenye mikutano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa, na Tanzania imo kwenye kundi hilo. Yaani alikuwa anatufanyia kazi sisi na hatumjui!

Hakuanza na siasa. Alienda Imperial College London akasoma botania, akamaliza udaktari wake wa mimea mwaka 1978, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dhaka. Miaka ya 80 yeye na mwenzake Atiq Rahman wakaanzisha kituo chao cha utafiti wa mazingira. Na unajua Bangladesh ni nchi gani, mwaka 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua laki tatu, mwaka 1991 kikaja kingine kikaua kama 138,000, halafu wakajenga majengo ya kukimbilia na wakafundisha vijana wa kujitolea wa kuzunguka vijijini na vipaza sauti, na mwaka 2020 kilipopiga kimbunga Amphan waliokufa kwao walikuwa makumi tu. Hiyo ndiyo hoja aliyotembea nayo maisha yake yote, kwamba watu maskini siyo wa kuonewa huruma, wanajua kupambana na hali yao kuliko mtu yeyote, ila kuna mahali pambano linawashinda kwa sababu ya moshi wa watu wengine.

Kwenye IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, alikuwa mmoja wa waandishi wakuu wa ripoti ya 2001, upande wa jinsi jamii zinavyojirekebisha kuishi na mabadiliko, kipindi ambacho wakubwa walitaka kuzungumzia kupunguza gesi tu. Akaanzisha mikutano ya kuwakutanisha watafiti na watu wa vijijini wenyewe, na mmoja ulifanyika hapa hapa Dar es Salaam mwaka 2010. Mwaka 2009 alifungua kituo cha ICCCAD pale Dhaka cha kufundisha watu kutoka nchi maskini mambo ya tabianchi. Mikutano ya COP, yaani ile ya Umoja wa Mataifa ya tabianchi ya kila mwaka, alihudhuria yote, kuanzia wa kwanza Berlin mwaka 1995 hadi wa 27 pale Misri, hakukosa hata mmoja.

Kilichompa jina ni suala la hasara na uharibifu. Kwa kifupi, kuna madhara unaweza kuyazuia kwa kupunguza gesi, kuna mengine unaweza kuyahimili ukijenga ukuta au ukibadilisha mbegu, halafu kuna yale ambayo yameshatokea na hakuna cha kufanya, shamba limemezwa na bahari, kisima kimeingia chumvi kama wanavyolia wenzetu wa Pangani na Bagamoyo, mtu kafa. Haya ya mwisho nani analipa? Nchi tajiri zilikuwa zinakimbia swali hili kama ukoma maana ziliogopa neno fidia, na hata Paris mwaka 2015 walipokubali kuweka kipengele chake kwenye mkataba, kipengele cha 8, wakahakikisha kwenye maamuzi ya mkutano imeandikwa kwamba hakitoi msingi wa kudai fidia. Mwaka 2021 Glasgow nchi zinazoendelea zikaomba mfuko wa kulipia hasara hizo, zikapewa mazungumzo. Mazungumzo! Scotland ndiyo iliyotangulia kuweka pauni milioni mbili mezani, na Huq akawa anaitumia hiyo kila anapopita, kwamba mbona wenzenu wameweza na dunia haijaisha.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2022 Sharm el-Sheikh, mfuko ukakubaliwa. Tarehe 30 Novemba 2023 pale Dubai ukazinduliwa rasmi, yeye ameshazikwa mwezi mmoja uliopita.

Sasa angalia tarehe mhariri. Siku tatu tu baada ya hapo, alfajiri ya tarehe 3 Desemba, tope la mlima Hanang likashuka Katesh. Rais alikuwa huko huko Dubai kwenye mkutano, ikabidi akatishe safari. Zaidi ya watu 80 walikufa, huku kwetu Manyara hakuna asiyemjua mtu aliyefiwa. Mimi sisemi ule mlima ulianguka kwa sababu ya gesi za Ulaya na Marekani, wataalamu wa miamba walisema sehemu ya mlima ilinyonya maji mengi ikashindwa kujishikilia, na mvua ile ilikuwa ya El Niño. Lakini mvua ile iliongezwa kiasi gani na joto la dunia? Hilo linapimika jamani, siku hizi kuna sayansi yake kabisa. Mkenya Joyce Kimutai, aliyekuwa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, aliongoza utafiti uliotoka Aprili 2023 ukaonyesha kwamba ukame ule mkali wa Pembe ya Afrika uwezekano wake uliongezwa angalau mara 100 na mabadiliko ya tabianchi. Na mvua za mwisho wa 2023 kundi lake la watafiti, World Weather Attribution, likazipima kwa Kenya, Somalia na Ethiopia. Sisi hatukuwemo.

Hapo ndipo kazi aliyoifanya Huq inatuhusu moja kwa moja. Mfuko sasa upo, bodi yake ipo, mkurugenzi wake ni Msenegali, na Novemba 2025 kule Belém Brazil wametangaza nchi zianze kuleta maombi, fungu la kwanza dola milioni 250, kila ombi kati ya milioni 5 na 20, na angalau nusu ni ya nchi kama yetu na visiwa vidogo. Ni kidogo, najua, ahadi zote za Dubai zilikuwa kama dola milioni 700 na Marekani iliyoahidi milioni 17.5 imeshajitoa kwenye bodi. Lakini hata hiyo kidogo ataipata nani? Atakayekuja na karatasi inayosema mvua ilikuwa milimita kadhaa, nyumba kadhaa, ng'ombe kadhaa, visima kadhaa, na wasichana wangapi waliacha shule. Mwanaharakati peke yake hawezi kuiandika, na mwanasayansi anayeona aibu kuingia kwenye mambo ya haki hatajua nini cha kupima.

Kuna wanaosema mwanasayansi akianza kutetea upande anapoteza uaminifu. Niliwahi kubishana na mwenzangu wa fizikia juu ya hili mpaka chai ikapoa. Mimi naona daktari akigundua kipindupindu kijijini kinatoka kwenye kisima ambacho tajiri kachimba choo pembeni yake, akanyamaza kuhusu choo eti yeye kazi yake ni vijidudu, huyo hatumwiti mkweli, tunamwita mwoga. Huq takwimu zake hazikupindishwa na msimamo wake, Nature wenyewe, jarida la wanasayansi, walimweka kwenye orodha yao ya watu kumi wa mwaka 2022, na Uingereza ambayo alikuwa anaisema kila siku ikampa nishani ya OBE mwaka huo huo.

Kitu kingine nilichokipenda kwake kinakuhusu wewe mhariri. Pamoja na safari zote hizo, alikuwa na safu yake ya kila wiki kwenye gazeti la Daily Star la Dhaka, anaeleza siasa za tabianchi, nani kaahidi nini na kalipa nini. Sisi tuna watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine na Mamlaka ya Hali ya Hewa wanaokwenda COP kila mwaka, wakirudi tunaona picha wamevaa beji shingoni halafu kimya. Mpeni mmoja wao nusu ukurasa kila wiki kwa Kiswahili cha kueleweka. Kama nafasi hakuna, toeni ile ya nyota zako wiki hii, mimi ni Nge na haijawahi kutimia hata siku moja.

Na ule ukurasa wa ajira mkiurudia mwakani, mwekeni Huq na Kimutai na picha zao, niubandike ubaoni.

Mwalimu wa jiografia,
Babati, Manyara