Barua kwa mwanangu: ile saa ya babu iliyomo ndani ya boksi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Unguja hatujambo. Mama yako mguu umepata nafuu na ameanza kwenda sokoni mwenyewe. Hofu ni kwako wewe uliye mbali na macho yetu.

Nimeupata ujumbe wako kuhusu saa ya babu yako. Umeniuliza uivae au uiache kwenye boksi, na umesema yupo mtu hapo Dar es Salaam anayetaka kuinunua kwa bei nzuri, kwa sharti usiibandue plastiki ya kioo wala stika ya nyuma. Ningekujibu kwa simu kwa neno moja. Lakini ufundi saa ndio uliokusomesha, na saa hii naijua tangu siku ilipoingia nyumbani, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Babu yako alinunua mbili siku moja, Dubai, kule Deira, meli yao ilipotia nanga mwaka 1987. Zote Seiko 5 otomatiki, saa za Kijapani, uso wa buluu, na kwenye kidirisha siku inaandika Kiarabu. Geuza uangalie mgongo wake. Kuna namba ndefu: ya kwanza ni 6, inayofuata ni herufi N. Seiko walikuwa wakianza na tarakimu ya mwisho ya mwaka, kisha mwezi, na kwa kuwa mwezi wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili haukai katika tarakimu moja, wakaandika O, N na D. Basi saa yako ni ya Novemba 1986. Ni mkubwa wako.

Moja aliivaa palepale dukani. Ya pili alikuja nayo ndani ya boksi, akanionyesha, akasema, "Hii ya mjukuu." Mimi wakati huo hata mchumba sina. Ikapanda juu ya kabati, ikakaa na vikombe vya bibi yako vyenye mstari wa dhahabu, vile vya wageni. Unavikumbuka? Bibi yako kafa, vikombe vingine havijawahi kuonja chai. Kila nikivitazama roho inaniuma, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akivipenda kuliko mgeni yeyote aliyepita katika nyumba ile.

Ile aliyoivaa babu ndiyo hii iliyo mkononi mwangu ninapoandika. Imekwenda naye Bombay, imekwenda Aden, imeanguka kwenye sitaha, na kioo nimekibadilisha mara mbili. Pembeni ina mikwaruzo ambayo mwingine angeipiga msasa iondoke, mimi siigusi. Nimeifungua, nimeiosha na kuitia mafuta kila baada ya miaka minne au mitano, na leo inakwenda. Yako, ambayo hakuna aliyeigusa, nina hakika nikiifungua nitakuta mafuta yamekuwa kama gundi.

Watu hudhani saa isiyovaliwa imelala tu, siku yoyote ukiiamsha utaikuta kama ilivyotoka kiwandani. Chuma chake, ndiyo, hakijalika. Lakini ndani ya saa si chuma tupu. Kuna matone ya mafuta ambayo huyaoni bila lenzi, yamewekwa pale ncha za magurudumu zinapozungukia ndani ya vito, vile vijiwe vigumu vinavyozibeba. Mafuta yale huzeeka, uivae usiivae. Mengine hukauka, mengine hunata, mengine huhama yakaenda pasipotakiwa. Na pete ya mpira inayozuia maji chini ya mfuniko nayo huwa ngumu, ikapasuka, wakati mwingine ikayeyuka ikawa mfano wa lami. Hapo unyevu unaingia. Nawe unaijua hewa ya hapa kwetu, msumari ukiuacha dirishani wiki mbili umeshapata kutu. Hata ile stika ya nyuma anayoitaka huyo mnunuzi si mlinzi mzuri. Nimeshabandua nyingi nikakuta chini yake jasho la hewa limeshika, chuma kimeota vidoa.

Kwa hiyo jambo la kwanza, mwanangu, na nakuomba ulishike: usiitikise. Najua mkono unawasha. Saa hiyo haina kutia ufunguo, inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, na ukiitikisa mara kumi huenda ikaanza kwenda, ukafurahi. Furaha hiyo ndiyo itakayoiua. Ikiwa nzima inapiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara sita kila sekunde, zaidi ya nusu milioni kwa siku. Sasa fikiria ncha nyembamba kama unywele inazunguka hivyo kwenye gundi kavu.

Hilo sikulisoma mahali. Zamani, nikiwa bado nafanyia kazi barazani, mzee mmoja mwalimu mstaafu aliniletea saa aliyopewa zawadi, hajaivaa zaidi ya miaka ishirini. Niliitikisa, ikaenda. Nikaiweka usiku mzima, asubuhi haijapoteza hata dakika. Nikamwambia, mzee, saa yako haina neno, vaa. Nilikuwa kijana na nilitaka kuonekana najua. Alirudi baada ya miezi minane, saa imesimama. Nilipofungua nilikuta uji wa kijivu, ndiyo chuma yenyewe iliyosagika, na ncha ya gurudumu moja imelika upande. Nilimrudishia pesa zake na sikupata kipuri mpaka leo. Mzee hakunilaumu. Alisema tu kwamba alikuwa akiitunza ili aivae atakapopata nafasi ya kwenda Makka. Sitasahau.

Sasa hayo ya bei. Huyo mtu wako hasemi uongo. Saa ya zamani isiyovaliwa, yenye boksi, karatasi na plastiki yake, wakusanyaji huitafuta, na plastiki ikishatoka hairudi. Lakini bei haifuati usafi peke yake. Oktoba 2017 huko New York, katika mnada wa Phillips, Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa zaidi ya dola milioni 17. Saa ile haikukaa kabatini. Mkewe alimpa na nyuma yake akachongesha maneno ya kumwomba aendeshe kwa uangalifu, maana mumewe alikuwa akishindana mbio za magari, naye akaivaa miaka. Kilichowapandisha watu bei ni mkono ule. Sikwambii kwamba Seiko ya baharia wa Unguja itafika huko, haitafika. Nakwambia kwamba mkono wa mtu nao una thamani.

Ukiwa na shida ya pesa, iuze. Nasema kwa moyo safi, babu yako alikuwa mtu wa kazi na asingekasirika. Ila usiuze kwa sababu unaogopa kuiharibu.

Na wala sisemi kila saa ivaliwe. Zipo ambazo mimi mwenyewe naziacha. Ikiwa ni ya aina ambayo zimebaki chache na haijawahi kuguswa, iache ikae, mafundi wajao waone kiwandani ilitokaje, skrubu zake na rangi yake. Na zile za kabla ya miaka ya 1960 zenye namba zilizopakwa radiamu, madini yenye mionzi, ili zing'ae gizani, hizo sizifungui kabisa. Mng'ao umeshakufa siku nyingi, lakini radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu, na vumbi lake ukilivuta ni sumu. Yako si hiyo wala si hiyo. Zilitengenezwa kwa wingi mno, tena zilitengenezwa kwa watu wa kazi. Tangu Seiko walipoanza kutoa 5 mwaka 1963, ahadi yake ilikuwa otomatiki, siku na tarehe katika dirisha moja, kustahimili maji, taji, yaani kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia saa, lililojificha penye namba nne ili lisikuchome mkono, na bodi na mkanda imara. Kuiacha boksini ni kumnunulia mvuvi mtumbwi akautundika sebuleni.

Basi njoo nayo Idi. Ije kwenye boksi lake, ndani ya mkoba wako, usiitie kwenye begi la chini ya boti. Nitaifungua mezani kwangu nawe ukiwa umekaa hapo, uone. Nitaiosha, nitaitia mafuta mapya, nitabadilisha pete ya mpira. Boksi, karatasi na stika ya nyuma tutaviweka. Sitaipiga msasa popote.

Ukishaivaa, kila ukitaka kutia udhu uivue. Hayo maneno ya kustahimili maji yaliandikwa 1986. Na tarehe usiibadilishe kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa usiku, maana wakati huo meno yameshashikana kugeuza siku, ukilazimisha yatavunjika. Babu yako alikuwa na neno lake juu ya hilo. Kila Alhamisi baada ya magharibi aliitazama saa na kusema, sisi tumeshaingia Ijumaa, huyu Mjapani bado anatusubiri usiku wa manane. Nilikuwa nikilisikia kila wiki nikachoka nalo. Sasa ndiyo siku hizi nikimaliza kuswali magharibi naitazama.

Chukua uzi, uzungushe kwenye kifundo cha mkono wako pale mfupa ulipojitokeza, usiukaze, ukate, umpe shemeji yako anayekuja Ijumaa. Nataka kujua nitoe pingili ngapi kwenye mkanda. Nitakazozitoa nitazifunga kwenye karatasi ndani ya boksi, huenda siku moja akaivaa mwenye mkono mnene kuliko wako.

Plastiki ya kioo sitaibandua mimi. Hiyo nitakuachia.

Mama yako anakusalimu, anasema kanzu ya mumeo iko tayari kwa fundi.

Wako baba.